Saa Zake na Saa Zangu

Jumatatu, 4 Machi

Ipo! Sikuota! Ruzuku ya familia zinazofanya kazi. Tangazo limebandikwa kiwandani, juu ya birika la chai. Una kazi, una watoto, mshahara hautoshi — serikali inakuongezea kila mwezi. Watoto watatu, kutwa nashona kola za mashati — nani apewe kama si mimi? Wifi, tunayekaa naye mashine kwa mashine, kanionya: dalili ya mvua ni mawingu, mvua yenyewe bado. Mdomo wake huo!

Jumanne, 5 Machi

Nimeomba ruhusa, nimeenda ofisi ya ruzuku. Mama wa dirisha la tatu kasoma hati yangu ya mshahara, kasema huu kweli ni mdogo. Nikafurahi kama nimesifiwa! Kisha akauliza saa za kazi. Lazima zifike thelathini kwa wiki. Zangu ishirini na mbili. Nikanywea. Mume je? Nikasema anasambaza mikate, saa kumi na sita. Basi mnajumlisha, mama, thelathini na nane, mmepita! Nusura nimbusu kupitia kioo.

Nyumbani ndipo nikaisoma yote ile fomu aliyonipa. Ukurasa wa pili: mke na mume wawe wanaishi nyumba moja.

Jamani. Baba watoto yuko kwa kaka yake tangu Januari.

Mwisho wa kurudisha ni Jumatatu.

Jumatano, 6 Machi

Wifi anasema weka tiki tu, nani atakuja kuchungulia chumbani? Sitaki. Kuandika nina mume na kitanda kitupu — uongo huo utaniuma mimi, si serikali.

Sikumfukuza kwa sababu kazini walimpunguzia saa. Nilimfukuza kwa kunificha. Mwezi mzima anavaa, anaaga, anakwenda kukaa tu! Na nikimwita sasa, atasema nimeziita saa zake, si yeye.

Je, si kweli? Sijui. Nimemkumbuka, basi.

Ijumaa, 8 Machi

Wifi hana breki! Kamwambia mume wangu kila kitu.

Jioni hii — hodi. Baba watoto. Begi mkono mmoja, mkate mkono mwingine. Watoto wakamrukia. Moyo wangu unadunda kama cherehani, uso nimeukaza. Nikamwuliza, umeifuata fomu?

Kanipa barua ya mwajiri. Saa zimepungua tena, leo hii, zimebaki kumi na mbili. Kasema nimeona uzisikie kwangu kwanza, kabla ya mtu yeyote. Fomu jaza unavyoona wewe.

Ishirini na mbili na kumi na mbili — thelathini na nne. Bado tunapita! Nimejumlisha kabla sijamkaribisha kiti, Mungu anisamehe.

Sasa anawaogesha watoto, maji mpaka ukumbini, kelele tupu! Fomu iko mezani, kisanduku cha ukurasa wa pili kitupu. Begi aliliacha kizingitini, hakuthubutu kuliingiza.

Nimelisogeza ndani kidogo. Watu wasijikwae.