Vidonge Kwenye Kopo la Vifungo

Dada yangu,

Sisi hatujambo. Cherehani nimeitia mkanda mpya, na sare za shule zimejaa hadi mlangoni.

Umeuliza kama nakunywa dawa za sukari. Dada, mimi si mtoto. Zamani vidonge vilikuwa vya duara; safari hii muuza dawa kanipa virefu, vinanuka kama samaki. Nikamwuliza, akanijibu, "Ni dawa ile ile, mzee, kiwanda tu ndicho tofauti." Ile ile vipi? Mimi nikibadilisha kitambaa cha mteja nikamwambia ni kile kile, si ataniita mwizi?

Halafu wifi yako. Miaka yote chai najimiminia mwenyewe, lakini siku hizi anasimama mbele yangu na glasi ya maji mpaka nimeze. Ana haraka ya nini? Kikulacho ki nguoni mwako. Basi kidonge nakificha chini ya ulimi, akigeuka nakitumbukiza kwenye kopo la vifungo. Kopo linakaribia kujaa, na mimi ni mzima wa afya.

Ila juzi wifi yako alifuata matone ya damu kutoka mlangoni hadi kwenye cherehani. Sindano ilikuwa imezama kisiginoni mwangu, nami nakanyaga pedali huku napiga mluzi. Yeye ndiye aliyelia.

Mama asijue. Nijibu hili tu: wewe mwenye sukari kama mimi, unayemeza hivyo virefu kila siku, ukikanyaga sindano, unasikia maumivu?

Mdogo wako,
Fundi