Mpangaji Amerudi

Nyumbani,
Jumapili alasiri, nguo zikiwa bado kambani.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hujambo huko kwenye baridi yako? Shemeji naye hajambo? Na wale watoto, ambao kila nikiwaona kwenye picha wamezidi kurefuka bila kuniaga, wanaendeleaje? Sisi hapa tu wazima kwa kiasi chetu. Mgongo unanisumbua kidogo, mume wangu kikohozi kimemwachia, na baba anakula. Nimetanguliza kukutajia hilo la kula kwa sababu najua ndilo utakalouliza kwanza.

Nimeona nikuandikie, maana haya hayasemeki kwenye simu. Nikiongelea ndani, baba anasikia. Nikitoka nayo nje, ananiuliza ninamficha nini. Basi kaa chini usome taratibu. Hakuna msiba, usishtuke. Ila nimelia sana wiki hii, na sina wa kumlilia isipokuwa wewe.

Ni habari ya Mpangaji.

Unakumbuka paka huyu alivyoingia kwetu. Alipita dirisha la jikoni siku ya mvua, akajilaza juu ya nguo za wateja wa baba zilizokwishapigwa pasi, na baba badala ya kumfukuza akasema huyu ni mpangaji, amehamia bila hata kuuliza chumba. Jina likamganda. Mama alipotuondokea, ndiye aliyebaki kulala miguuni pa baba. Nikipita koridoni humsikia baba akimsimulia mambo ya ujana wake, mambo ambayo mimi hajawahi kunisimulia.

Sasa, miezi ya karibuni nyumba ilianza kunuka mkojo. Beseni lake la mchanga liko palepale, koridoni, kati ya bafu na chumba cha baba. Kila asubuhi nilikuta mchanga umetapakaa sakafuni hadi mlangoni pa baba, na harufu ile inayokaba koo. Nikanunua beseni lenye kingo ndefu. Nikatandika magazeti. Nikalihamishia uani, paka akalia mlangoni mpaka nikalirudisha. Mwisho nikaachana na mchanga, nikaomba gunia la maranda kwa seremala wa jirani, kwa kuwa aliniapia kwamba yanafyonza na hayatoi harufu. Nayo yakatapakaa vilevile. Nilisugua sakafu kwa dawa hadi vidole vikachubuka, na harufu haikwenda popote.

Nilimpeleka kwa daktari wa mifugo. Akambonyeza tumbo, akamfungua kinywa, akasema ni mzee lakini hana ugonjwa, na kwamba paka mzima hapendi kuchafua anapolala, labda kuna jambo linalomuudhi. Nilirudi nimevimba kwa hasira. Nilijiuliza ni jambo gani la kumuudhi kiumbe anayelala mchana kutwa na kuletewa chakula.

Baba naye alimshitaki. Nikitokea tu na ufagio, ananiwahi: "Huyo paka wako amefanya tena." Alikwisha kuwa paka wangu. Wewe ukipiga simu ndiyo yakawa mazungumzo yenu. Unakumbuka ulivyosema, paka akishazeeka hivyo dawa yake ni kumtupa nje tu? Tulicheka sote, na baba ndiye aliyecheka kwa muda mrefu kuliko sisi.

Mume wangu akachoka. Kazi yake ni mabomba, siku nzima yumo kwenye mitaro ya watu, na alisema hawezi kutoka kwenye uchafu wa kulipwa akaja kulala kwenye uchafu wa bure. Akaamua paka apelekwe kwa mwenye duka la nafaka, mtaa wa pili, ambaye panya wanamla hadi magunia. Sikubisha, nami nilikuwa nimechoka. Nilipomtia kikapuni, baba alikuwa kitini pake. Aliinua mkono kama mwenye neno, kisha akaushusha tena gotini.

"Huko watampa maziwa?" ndilo pekee aliloniuliza.

Nikamwambia watampa. Akageukia dirishani.

Niliosha beseni, nikaliegemeza ukutani uani, nikasema moyoni yamekwisha. Kwa siku moja yalikwisha kweli. Asubuhi iliyofuata nikakuta maranda koridoni. Machache tu, yamefuatana kutoka kwenye gunia lililobaki kando ya bafu hadi mlangoni pa baba. Nilisimama pale na ufagio wangu, Kaka, na paka hayupo.

Baba alikuwa amekwenda kwa kinyozi. Nikaingia chumbani mwake. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, blanketi limevutwa bila hata mkunjo. Nikalifunua. Maranda yalikuwa yamemwagwa katikati ya godoro, yamesawazishwa kwa kiganja, yameloa. Nikainama. Chini ya kitanda, nyuma ya sanduku la mama, kulikuwa na shuka lililolowa mkojo.

Shuka lile lilikuwa limekunjwa. Pembe kwa pembe, pindo kwa ndani, vilevile baba alivyotufundisha kwenye ile meza ndefu ya kupigia pasi, wewe upande ule na mimi upande huu, akituambia mteja hatakiwi kukutana na pindo kwanza. Shuka la mkojo, amelikunja kama la kupeleka hotelini. Maisha yake yote baba amefua mashuka ya hoteli, ya hospitali na ya maharusi, hakuna dobi aliyeaminiwa kama yeye, na hata alipokuwa analificha la kwake hakuweza kulisokomeza hovyo.

Nilikaa sakafuni nikalia. Kuzeeka nilijua atazeeka, hilo sikulilia. Nililia nilipomfikiria akijikongoja na ukuta kwenda kuchota mchanga wa paka kwa kiganja, ukimdondoka njiani, huku akisikiliza kama nimeamka. Baba yetu ananiogopa mimi. Sikujua mtu anaweza kuumia hivyo kwa kuogopwa.

Nilipanga namna ya kumwambia. Kila neno nililolishika niliona litamnyang'anya kitu ambacho sitaweza kumrudishia. Basi nikarudisha blanketi kama nilivyolikuta, nikafunga mlango, nikachukua kikapu nikaenda dukani.

Mwenye duka alinitazama akacheka. "Dada, mmenipa juzi, leo mnanidai?" Nikamwambia baba hana raha bila paka wake, na huo ulikuwa ukweli mtupu. Hakuniuliza zaidi, akamtoa nyuma ya magunia akanipa.

Baba aliporudi, kichwa kinang'aa, alimkuta Mpangaji amejilaza kwenye kiti chake. Alisimama mlangoni akimtazama, halafu akanitazama mimi.

"Umemrudisha. Si anachafua huyu?"

"Anachafua, baba. Amezeeka tu. Nitakuwa ninafua."

Alimwinua paka kitini. Akaketi, akampakata, akawa anampapasa nyuma ya masikio. Nilikuwa nimeshageuka kwenda jikoni aliposema, kwa sauti ya chini, "Hafanyi makusudi."

"Najua, baba."

Tukaishia hapo, na hatujaligusa tena.

Mume wangu nilimweleza jikoni, nikiwa tayari kwa ugomvi. Alinawa mikono tu, kisha akainawa tena. Kesho yake alirudi na nailoni nene, ile wanayotandika chini ya matangi ya maji, akaingia nayo moja kwa moja kwa baba. "Mzee, kwa kuwa rafiki yako hataki kulala kwingine, tuliokoe godoro." Baba akashika upande mmoja, yeye akashika wa pili, wakatandika pamoja. Mume wangu ana maneno makali, unamjua, lakini kwa nailoni ile nimemsamehe mengi.

Siku hizi nikiamka nakuta shuka mlangoni pake, limekunjwa vilevile. Nalichukua, nafua, naanika. Yeye hukaa kivulini na paka wake, akinitazama. Jana alinikemea: "Sabuni haijatoka hiyo, suuza tena." Nikasuuza tena, nikiwa nimemgeuzia mgongo ili asione uso wangu. Daktari wa zahanati nimeshamweleza kwa siri, atakuja kana kwamba anapita tu kumpima presha. Ameniambia dawa zipo za kupunguza tatizo la mkojo, lakini nisitarajie baba arudi kuwa yule wa zamani. Jitahidi uje, Kaka, wakati bado anaweza kukusubiri mlangoni.

Nisalimie sana shemeji, na watoto uwabusu mmoja mmoja, hata yule anayejifuta. Mume wangu anakusalimu. Jirani seremala naye ameniagiza nikusalimu, anasema hujawahi kumrudishia randa lake. Mungu awalinde huko, na mimi aniongezee subira nimtunze baba inavyostahili.

Nakuomba jambo moja tu. Ukipiga simu usibadilike. Usimlegezee sauti kwa huruma, atagundua. Muulize habari za Mpangaji kama ulivyozoea, na akikwambia amechafua tena, cheka naye. Lakini usiseme tena atupwe nje.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote.