Walivyogawana Gari la Baba

Jumapili, jioni. Mawingu yamekaa juu ya kambi yetu ya wakimbizi ya Nakivale tangu asubuhi na mvua haishuki. Afadhali ingenyesha. Watu wangejibana ndani ya nyumba, na pengine wasingeviona vyuma vya Baba pale uani.

Leo tumeondoa kilio. Kwa asiyejua desturi yetu: mtu akifa, ndugu na majirani wanahamia nyumbani kwake. Wanaimba, wanalia, wanakula maharage ya sufuria moja. Siku ya mwisho familia inakaa chini na kugawana vitu vyake, koti kwa huyu, redio kwa yule, ili kila mmoja abaki na kitu cha kumkumbuka. Sina ugomvi na desturi hiyo. Kitambaa cha kichwa cha bibi yangu nilikipata kwa njia hiyo hiyo, na bado ninakifunga nikienda kanisani.

Lakini leo nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Nianze na miguu, maana bila miguu habari hii haieleweki. Yangu ilikufa nikiwa mdogo, baada ya homa, tukiwa bado kwetu Fizi, kabla hatujakimbia. Natembelea baiskeli ya magurudumu matatu, ile unayoizungusha kwa mikono. Wakati wa jua nafika nayo mpaka sokoni. Wakati wa mvua tope linaishika, nami nakaa katikati ya njia kama mzigo uliosahauliwa mpaka mtu apite.

Kazi yangu ni kutengeneza simu. Vioo na betri napata Mbarara, na kwenda Mbarara ni lazima nibebwe. Mwenye bodaboda ananinyanyua, ananipandisha, ananifunga kwa kitenge mgongoni mwake nisianguke. Nikifika stendi ananipokea mwingine. Wengi wana adabu. Wengine mikono yao inapotea njia, na wanajua kwamba siwezi kukimbia.

Ninachukia kubebwa.

Baba alilijua hilo bila mimi kulisema. Alikuwa fundi wa magari, na jioni alipenda kuazima simu za wateja wangu nilizokwisha tengeneza, kuzijaribu, eti. Ndipo alipoona video za watu wa nchi za mbali wanaonunua gari kuukuu, wanalivua nguo zote, wanabakiza injini na magurudumu, kisha wanalijengea mwili mpya palepale nyumbani. Huko mwili unauzwa vipande vipande ndani ya sanduku, wewe unaunganisha tu. Sisi sanduku hatukuwa nalo. Tulikuwa na mabati, vyuma vya vitanda viwili vilivyovunjika, na rafiki yake Baba mwenye gereji Mbarara, Mzee Tumwine, aliyetuletea gari dogo jeupe lililoliwa na kutu. Injini yake ilikuwa nzima, na gia zilikuwa za kujibadilisha zenyewe.

Milango ndiyo iliyotoka kwanza. Ina kizingiti kirefu chini, na mimi kizingiti kinanishinda. Mwili mpya ungekuwa mfupi, wazi upande wa dereva, kiti kikiwa sawasawa na kiti cha baiskeli yangu, niteleze tu kutoka hapa hadi pale. Nijipakie mwenyewe. Siku nyingi Baba alilala chali chini ya gari akifungua, mimi nimekaa kwenye mkeka na beseni la mafuta ya taa, naosha bolti na kuzipanga kwenye makopo. Tulikuwa hatuongei sana. Akinyoosha mkono, nilijua anataka spana gani.

Majirani walicheka. Fundi anachinja gari, walisema, atauza spea moja moja mpaka liishe. Nilitaka niwaambie. Baba akakataa. Acha waseme, likitembea watanyamaza. Kwa hiyo waliojua ni watu watatu tu wa hapa nyumbani, yeye, mimi na Mama, na Tumwine kule Mbarara.

Halafu kifua kikamkamata. Alipelekwa hospitali Mbarara akikohoa, akarudi amefunikwa shuka.

Leo, baada ya maombi, Baba mukubwa Yoshua alisimama. Ndiye kaka mkubwa wa Baba, anaishi Juru, analima maharage, na ni mtu mwema. Hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa mlafi ningejua la kufanya. Macho yake yalikuwa mekundu ya kilio cha kweli. Koti, Biblia na redio vilipokwisha gawiwa, akageukia uani, akaangalia vyuma vilivyolala juu ya turubai, akasema:

"Ndugu yetu alikuwa fundi. Hivi byuma njo mikono yake. Kila mutu akamate kimoya, juu tumukumbuke."

Nikasema, "Baba mukubwa, ile gari ilikuwa yangu."

Akachuchumaa hadi macho yake yakawa sawa na yangu, jambo ambalo watu wachache wanalifanya. Akanishika bega.

"Mutoto wangu, hii haiko gari tena. Ng'ombe akiwa muzima anabakia mu lupango ya mwenyewe, hakuna mutu anamugusa. Akisha kuchinjwa, bandugu banagawana. Na wewe utapata fungu yako."

Wazee wakaitikia. Kwetu wafugaji hilo halina ubishi: kichwa kina mwenyewe, mkono una mwenyewe, kifua kina mwenyewe. Gari zima wangeniachia. Tumelichinja wenyewe, kwa mikono yetu, mimi na Baba.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Kwamba halikuwa la kuuza spea, kwamba lilikuwa linajengwa, na kwamba dereva wake ni mimi. Nikafungua mdomo. Nikaziona nyuso zile zote, na Baba mukubwa ameukumbatia usukani kifuani kama mtoto mchanga, nikasikia ndani ya kichwa changu watu wakicheka: huyu asiyeweza kusimama ndiye ataendesha? Nikaufunga mdomo. Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Mjane haongei shemeji zake wanapogawa. Jioni hii nimemuuliza kwa nini alinyamaza, naye akaniuliza mimi hilo hilo.

Wahenga wanasema asiyekuwapo na lake halipo. Mimi nilikuwapo.

Usukani ukaenda Juru. Kiti cha dereva kikaenda Masha na Baba mudogo Simoni, aliyekijaribu kwanza kwa kukikalia, akalia humo humo kitini. Shangazi akachukua kioo cha pembeni, akakifuta kwa kitenge chake, akakitazama, akakifuta tena. Milango itakuwa ya zizi la mbuzi. Injini waliichukua binamu wanaokaa Endiinzi, wanasema itazungusha kinu cha mahindi na jina la Baba litaandikwa juu yake. Waliifunga kwenye mti, wakaubeba mabegani wawili mbele wawili nyuma, polepole, wakiimba, kama tunavyobeba mgonjwa. Hata makopo yangu ya bolti yaliondoka. Bolti nilizoziosha mpaka vidole vikachubuka, watoto wamezitia mifukoni.

Mwisho Baba mukubwa akakumbuka fungu langu. Akauliza ninataka nini.

Kilikuwa kimebaki kitu kimoja kando ya turubai, bomba la chuma lililopindwa mara mbili, kwenye ncha yake breki ya mkono ya baiskeli. Watu walikuwa wanakiruka. Hakikutoka kwenye gari, ndiyo maana hakuna aliyekitambua. Baba alikitengeneza mwenyewe. Alikipima kwenye mkono wangu, akakata, akapinda, akapima tena, akaniambia nifumbe macho na kunyoosha mkono, tuone kama kitajileta chenyewe kiganjani. Kilijileta. Kukisukuma mbele ni breki. Kuminya ile ncha ni kuongeza mafuta, kazi yote ya miguu kwa mkono mmoja.

Nikakionyesha. Shangazi akasema maskini, huzuni imemchanganya, achukue na kitu cha maana. Nikasema hicho kinatosha.

Mzee Tumwine alifika wakati wageni wa mwisho wanaondoka, vumbi la njia nzima liko kwenye nguo zake. Habari za msiba zilimfikia jana tu. Alimpa Mama pole, akaja kwangu, akaniita nyabo, bibie, kama kawaida yake, akatoa kwenye mfuko wa plastiki waya mrefu uliokunjwa duara.

"Pole sana, nyabo. Hii ni ile waya ya mafuta mzee aliniambia nitafute. Refu, vile alisema. Sasa gari iko wapi?"

Nikamwonyesha. Imebaki sakafu tu, juu ya mawe, na shimo pale injini ilipokuwa. Akavua kofia. Akalizunguka mara moja kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha.

"Hao watu wako, walijua gari ni ya wewe kuendesha?"

"Hapana."

"Kwa nini hukuwaambia?"

Nikaupokea ule waya, nikaanza kuukunjua. Alikaa kidogo, akanywa chai, akaondoka kabla giza halijamkuta njiani.

Sasa niko uani peke yangu, Mama anapanga sahani za watu. Nimeifunga ncha moja ya waya kwenye ile breki ya baiskeli, kama Baba alivyonielekeza, na ncha nyingine nimeilaza pale kwenye shimo. Nimeketi kwenye baiskeli yangu kando ya sakafu. Nimenyoosha mkono, nikafumba macho, bomba likajileta. Nikaminya.

Nimefumbua macho, nikaiona ile ncha ya waya ikisogea shimoni. Nikaachia, ikarudi. Nimefanya hivyo mara nyingi. Kipimo cha Baba kilikuwa sawa. Ningeendesha. Ninamlilia Baba, na leo kwa mara ya kwanza ninalilia na hilo.

Kesho naenda Juru. Baba mukubwa atakuwa ameshautundika usukani ukutani, namjua, pengine juu ya picha ya harusi yake. Nitamwambia mbele ya mke wake na watoto wake usukani huo ni wa kazi gani na ni wa nani, hata wakicheka. Kisha Masha. Kisha Endiinzi. Bolti nitaziomba kwa watoto wenyewe.

Juru ni mbali kwa baiskeli yangu, na mawingu haya yakishuka usiku njia itakuwa tope. Asubuhi itabidi nimwite mtu wa bodaboda, aje aninyanyue, anifunge kwa kitenge mgongoni mwake, anibebe.