Viti Vyako Vimefika Ufini

Mama,

Shikamoo. Najua marahaba yako sitaisikia, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu asiyeamkia hana habari ya maana ya kusema. Kwa hiyo naamkia kwanza, habari zinafuata.

Hatujambo. Baridi imerudi, na theluji imefika usawa wa dirisha la jikoni. Wewe uliyekuwa unavaa sweta na soksi mwezi wa saba, eti Temeke imeingia ubaridi, sijui hapa ungevaa nini. Kumvalisha Joshua aende shule ni kazi ya mtu mzima: fulana, sweta, suruali juu ya suruali, ovaroli, kofia, glovu. Nikishafunga zipu ya mwisho ndipo anakumbuka kwamba anataka kwenda chooni. Samaki siku hizi siwaweki kwenye friji. Nawatia kwenye ndoo kibarazani wanaganda wenyewe, bila kununua umeme wa luku. Najua hilo lingekufurahisha.

Na mjukuu wako analala nje. Tulia kwanza, usianze. Wenyeji wa huku wanamvika mtoto manyoya, wanamweka kwenye kigari chake na kumlaza nje kwenye baridi hiyohiyo, wanasema ndipo anapopata usingizi mzuri. Nilipoambiwa mara ya kwanza nilisema hawa watu hawataki wajukuu. Sasa hivi ninavyokuandikia namwona kupitia dirishani, kalala fofofo, pua tu ndiyo inaonekana. Tumempa jina lako. Anaitwa Felista, na ubishi ameshauanza.

Baba Joshua anaendelea na kazi iliyotuleta. Kanisani bado ni wazee wachache waliokaa mbalimbali, kila mmoja na benchi lake, na wakiimba unasikia zaidi kinanda kuliko wao. Ulikuwa unapenda kututania kwa hilo: “Wazungu walituletea Neno kwa meli, leo nyie mnawarudishia kwa ndege. Kwani walilipoteza wapi?” Baba Joshua aliitumia kauli hiyo kwenye mahubiri. Hakucheka mtu, ila baada ya ibada mzee mmoja alimshika mkono akamwambia kwamba ilikuwa nzuri sana. Huku ndivyo wanavyocheka.

Lakini siku ile tunafunga mabegi wewe hukutania. Ulikaa kitandani kwangu ukikunja vitenge, ukaniuliza, “Huko ukipatwa na jambo, nani atakuja?” Nikasema kanisa lipo. Ukasema, “Mie siulizi kanisa, nauliza watu.”

Swali hilo lilikuwa halali yako. Mtaa mzima walikuita Mama Viti. Viti vya misiba vya mtaa ulivihifadhi wewe, vimepangwa ukumbini hadi tunapita ubavu kwenda chumbani, kila kimoja na mstari wa rangi nyekundu mgongoni ili visichanganyike na vya mtaa wa pili. Watu hawakungoja kutangaziwa. Wakiona viti vyako vinatoka, wanajua kuna nyumba imepatwa, wanafunga khanga wanakuja. Kwako wewe mtu mwenye watu ni yule ambaye viti vyake vinajaa. Na kila uliponipigia simu uliniuliza majirani zangu wanaitwaje, nami nilikuwa simjui hata mmoja. Huku hakuna hodi. Mtu anakuinamishia kichwa kidogo akiwa anapita, basi, mmeshazungumza.

Nakuandikia leo kwa sababu swali lako limerudi mezani. Askofu wa nyumbani anataka jibu: muda wetu umekwisha, je, turudi au tuongeze miaka mingine? Baba Joshua ameniachia mimi. Amesema, “Ukisema twende Temeke, kesho nafunga mabegi.” Na mimi, kabla ya kumjibu yeye, naona nikujibu wewe kwanza, maana swali ulilianza wewe.

Ulipofariki, baridi iliyopita, nilikuwa na mimba kubwa ya Felista. Mkunga alikataa nisisafiri, shirika la ndege likakataa, na Temeke maiti haisubiri. Kaka Simoni alinipigia usiku ule, akanipigia tena wakiwa wameshakupumzisha. Kisha Bi Zuhura, jirani yako, akachukua simu akaniambia, “Mwanangu, mama yako tumempeleka vizuri. Watu walijaa mpaka dukani kwa Mangi. Pilau nimesimamia mwenyewe, usiwe na wasiwasi.” Nilimshukuru. Nikakata simu nikakaa jikoni. Nje kimya, ndani kimya. Mama, niliumia. Sikuumia kwamba umekufa tu; niliumia kwamba Mama Viti amekufa na binti yake hana hata kiti kimoja cha kutoa.

Basi asubuhi nikaenda stoo, nikatoa viti vyeupe vya plastiki vya kukalia kiangazi, nikavipanga mbele ya nyumba. Viti vyeupe juu ya theluji nyeupe, havionekani. Nikavitandikia zile khanga ulizonipa, nikavaa kila nilichokuwa nacho, nikakaa. Baba Joshua alitoka akaniangalia. Hakuniambia niingie ndani. Alileta blanketi, akakaa kiti cha pembeni, na Joshua akakaa katikati yetu. Wamisionari watatu na mimba, barazani pasipo baraza.

Wa kwanza kuja alikuwa bibi wa nyumba ya jirani. Anaitwa Marketta, sasa namjua. Alikuja mbiombio na koleo la theluji mkononi, akidhani tumepoteza ufunguo. Baba Joshua akamweleza kwa Kifini chake cha kuungaunga: mama wa mke wangu amefariki, na kwetu mtu akifiwa viti vinawekwa nje, watu wanakuja kukaa naye. Marketta alisikiliza, akageuka, akarudi kwake na koleo lake. Nikasema moyoni, haya, yamekwisha.

Kumbe amekwenda kuchukua kiti. Alirudi na kiti cha mbao cha jikoni kwake na chupa ya kahawa, akakiweka kando yangu ingawa vyetu vilikuwa vitupu, akakaa. Hakusema pole. Alinimiminia kahawa, akaangalia mbele, tukawa tunaangalia theluji pamoja.

Alivyoelewa yeye ni kwamba kwetu anayekuja msibani anakuja na kiti chake. Na ndivyo alivyowapigia wenzake simu. Mama, laiti ungeona! Wakaanza kutokea barabarani mmojammoja, wale wazee wa kanisani na wengine ambao kanisani hawajawahi kutia mguu, kila mtu na kiti. Mmoja kabeba stuli ya bafuni. Mwenye katapila la kusukumia theluji alisimamisha katapila lake, akatoa ndani yake kiti cha kukunja cha kuvulia samaki. Mwanamke mmoja alileta sufuria ya supu. Wengine wakafinyanga mabonge ya theluji, wakayapanga duara na kuweka mshumaa katikati, na giza lilipoingia, maana huku wakati wa baridi jua huzama mchana, uwanja wetu ukawa na mataa. Hakuna aliyelia kwa sauti, hakuna aliyeimba. Walikaa tu. Nikalia mimi kwa niaba ya wote, na Marketta akanishika mkono juu ya glovu, hakuuachia.

Walipoondoka waliacha viti. Walidhani kiti ndiyo rambirambi. Asubuhi yake nyumba imejaa viti vya watu, tunapita ubavu kwenda chumbani, na mimi nikacheka peke yangu hadi Baba Joshua akaogopa.

Ikabidi tuvirudishe. Na kurudisha kiti cha mtu ni lazima ubishe mlango wake, na mlango ukifunguliwa unaingizwa, na ukiingizwa unapewa kahawa na kimkate cha iliki. Ndio, iliki, Mama! Wanatia iliki kwenye mikate yao. Nilipoumega wa kwanza nikasikia harufu ya jikoni kwako. Kwa viti vile nimeingia kila nyumba ya barabara yetu, na tumbo langu, na Joshua mkononi. Niliyarudia majina usiku nisiyasahau. Felista alipozaliwa, walishajua mlango ulipo.

Kimoja tu ndicho hakikurudi. Marketta alikikataa cha kwake. Alisema, “Hicho ni cha mama yako.” Kipo kibarazani, karibu na ndoo ya samaki.

Sasa sikiliza la mwisho, ndilo lililonikalisha niandike. Juma lililopita nilivuta pazia asubuhi nikaona kiti ng'ambo ya barabara. Kiti kimoja cha jikoni, kimewekwa nje juu ya theluji, mbele ya nyumba ya yule mzee wa katapila. Hakuna mkutano uliokuwa umefanyika, wala hatukumfundisha mtu. Mzee alifariki usingizini, na mkewe alipoona kumekucha alitoa kiti nje, akakaa, akangoja.

Hakungoja sana. Nilimfunga Felista mgongoni, nikavaa koti juu yake, nikachukua kiti chako nikavuka barabara. Marketta alikuwa ameshatangulia na chupa yake. Wengine walikuja nyuma yangu. Nikamwambia yule mjane pole, kwa Kiswahili, maana kwa Kifini bado sijapata neno lake. Akaitikia kwa kichwa. Tukakaa.

Kwa hiyo jibu ndilo hili, Mama. Uliuliza nikipatwa na jambo nani atakuja. Wamekuja. Na sasa wao wakipatwa, mimi ni mmoja wa wale wanaokuja, na mtu wa namna hiyo hafungi mabegi katikati. Nimemwambia Baba Joshua amjibu askofu kwamba tunabaki. Natamani Temeke, natamani kelele zake na joto lake, na kuna siku bado natafuta namba yako kwenye simu kabla sijakumbuka. Lakini nina raha. Niseme ukweli, nina raha.

Nakuahidi, mvua zikiisha huko, nitakuja na Felista nimkalishe kando ya kaburi lako akuamkie, hata kama itakuwa ni kupiga kelele tu. Na kopo la rangi nyekundu nimeshanunua. Kiti chako nitakipiga mstari mgongoni, kisipotee na vya mtaa wa pili.

Lala salama, Mama Viti. Wenzio huko wakikuuliza, waambie Eliza ana watu.

Mwanao,
Eliza