Nilisema Yahya Ameumia Nyumbani

Mwanza, Jumapili

Dada yangu Zaituni,

Shikamoo. Mwakeye, kama tunavyoamkiana asubuhi huko kwetu, hata kama barua hii itakufikia jioni. Naomba homa ya mama iwe imeshuka, na magoti yako yakuruhusu kwenda shamba. Mimi mzima, isipokuwa mkono wa kushoto una kidonda, na kidonda hicho ndicho kilichonishikisha kalamu. Simu naiogopa. Ungeniuliza swali moja tu, nami ningesingizia salio limeisha.

Kazi ya hiki kiwanda cha samaki ni baridi na maji kutwa nzima. Tunavaa mabuti meupe mpaka magotini. Ukiniona utacheka mpaka ukae chini. Wiki iliyopita niliteleza nikiwa na kisu cha kupasulia sangara, kikanichana chini ya kiwiko. Wakanipeleka kwa Mama Kabula, mama wa Kisukuma anayeshughulikia usalama wetu. Akachukua fomu, akaniuliza, "Umeumia hapa kazini, au umekuja na jeraha hili kutoka nyumbani?"

Dada, nilijibu, "Nyumbani." Damu inadondokea buti la kiwanda, na mimi nasema nyumbani! Mama Kabula akacheka mpaka akaweka kalamu mezani. "Kwani kwako mnafuga sangara?" Waliokuwepo wakacheka, na mimi nikacheka. Kisha machozi yakanitoka, wakadhani ni maumivu.

Jibu lile unajua nilikojifunzia. Siku ile mashine ya kukamulia mawese ilipomkata shemeji Yahya vidole vitatu, pale kiwandani Gungu, mimi ndiye niliyempeleka hospitali. Daktari alimwuliza Yahya kilichotokea. Kabla hajafungua mdomo nikajibu mimi: alikuwa anakamua mawese nyumbani, Simbo. Nani asiamini? Simbo kila ua una mashine yake. Wewe ulifika umejifunga kanga moja juu ya nyingine, ukaninong'oneza, "Issa, mbona unasema Simbo? Kwetu hatujakamua tangu mwezi jana." Nikakwambia unyamaze, nitakueleza. Ukanyamaza kwa sababu ni mimi.

Sasa nakueleza. Umeamini muda wote huu kwamba tajiri, mwenye kile kiwanda cha Gungu, ndiye aliyetunga uongo ule. Si yeye. Niliutunga mimi, ndani ya gari, Yahya akiwa ameniegemea begani. Asubuhi ile nilikuwa nimekitoa kile kifuniko cha kukinga mikono, kwa sababu kilikuwa kinatuchelewesha, na mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa zamu. Niliona kazi inaniponyoka. Tajiri nilipomweleza nilichosema hospitali alinishika bega akasema, "Umetumia akili." Akaleta gunia la mchele na mbuzi, akataka tuyamalize kifamilia, na sisi tukamshukuru. Mimi nilishukuru kwa sauti kuliko wote. Barua iliyonipatia kazi huku Mwanza aliiandika yeye, Yahya angali na bandeji. Naona aibu hata kukuandikia.

Mama Kabula, wakati ananifunga kidonda, alinieleza mambo ambayo nilikuwa sijui, na mengine sikutaka kuyajua. Anasema kuna mfuko wa fidia, na anayeuchangia ni mwajiri. Mfanyakazi hakatwi chochote. Anasema fidia si hisani ya tajiri. Nikamwuliza, na kama mtu hakupewa mkataba wa maandishi? Akasema ni mfanyakazi tu, mradi kuna watu wa kushuhudia kwamba alifanya kazi pale. Na kama alipokea mchele na mbuzi? Akanitazama. "Mbuzi mmeshamla. Haki yake ipo pale pale."

Nikamwuliza tena, na kama hospitali iliandikwa kwamba aliumia nyumbani? "Nani aliyesema hivyo?" Nikasema jirani yangu mmoja. "Basi mwambie huyo jirani aende akaseme kweli, kabla mwaka haujatimia tangu ajali. Ukishapita, ni vigumu sana." Nadhani alishajua jirani ni nani, maana alinifunga bandeji taratibu mno.

Dada, Yahya aliumia wiki moja baada ya Idi ya mfungo uliopita. Ramadhani hiyo imebisha hodi. Idi ikitukuta tumekaa, Yahya atabaki na vidole viwili na maneno yangu.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine. Nimeandika yote: mashine, kifuniko, aliyekitoa, aliyesema Simbo. Nimetia sahihi na jina langu lote. Usisubiri nifike, ipeleke ofisi ya kazi pale mjini kesho yake baada ya kuipata, wewe na Yahya, na mumchukue yule Deo wa Kidahwe aliyezima mashine siku ile. Tajiri atakasirika. Mama atasema nimewaaibisha watu waliotusaidia. Huenda na mimi nikaitwa kujibu la kifuniko, nitajibu. Nimeomba ruhusa, nashuka Kigoma Ijumaa.

Kama hutaki nilale kwako nitaelewa, nitalala kwa mjomba.

Nisalimie mama, lakini usimsomee barua hii. Nitamweleza kwa mdomo wangu. Nisalimie mjomba muuza dagaa, na binti yako mkubwa, umwambie daftari alizoagiza ninazo. Na shemeji Yahya. Tangu siku ile hajawahi kuniuliza kwa nini, na ukimya wake unanichoma kuliko matusi. Mwambie Jumatatu tutakwenda wote hospitali kuomba maandishi yale yarekebishwe. Daktari atamwuliza ameumia wapi. Safari hii ajibu mwenyewe. Mimi nitakuwa nimekaa kwenye benchi nje, mpaka niitwe.

Mdogo wako,
Issa