Kompyuta ya Tumpale

Mbugani, Kyela
14 Juni 2004

Kwa Kaka Ambrose,

Mugonile, kaka. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi Rut, na kile kikohozi cha Tuntufye mdogo kiwe kimekwisha. Sisi huku tunapumua. Mama miguu inamsumbua asubuhi, lakini kwenye shamba letu la Ipyana anakwenda tu, ukimkataza anakununia siku nzima. Mpunga tumeshavuna na kakao inaanikwa kila penye jua.

Usishangae kwamba nimeandika kwa mkono, mimi mwenye mashine ya kuchapa. Pale dukani ninapochapia kila anayepita husoma kilichomo kwenye mashine kabla hata hajanisalimia. Simu ya jirani nayo sikuitaka, maana akishakupa simu hasogei, anakusimamia mpaka umalize. Haya ninayotaka kukuambia ni ya kwako peke yako kwanza.

Nianze na ile laptop uliyomletea mdogo wetu Tumpale mwaka jana. Nilikushukuru, nikacheka na watu, nikapika na chakula cha kuipokea. Ndani roho iliniuma, kaka, sitakudanganya. Miaka kumi na moja nimekaa nyuma ya mashine ile mpaka vidole vimeota sugu. Nimechapa barua za kata, mitihani ya shule, ratiba za misiba, na barua zako zote za kuomba kazi, hata ile iliyokupeleka Dar es Salaam. Halafu inakuja kompyuta, na jina lililoandikwa kwenye boksi ni la kitinda mimba, ambaye hata herufi alikuwa anazitafuta kwa kidole kimoja.

Mwanzoni nilijipoza kwa sababu ilikuwa nzito. Ukiiwasha unakwenda kuchota maji, unarudi, bado inajifikiria. Tumpale aliweka meza yake chumba cha pili palepale dukani, na wateja wake walikuwa wakichoka kungoja wanahamia kwangu. Nilikuwa namwonea huruma kwa sauti kubwa, ili watu wasikie.

Ndipo akaja Ezra wa mzee Zebedayo, yule kijana fundi redio wa karibu na stendi, ambaye siku hizi anatengeneza na kompyuta. Alisema mashine yenyewe haina ubaya, ila memori yake ni ndogo, inataka kubwa zaidi. Akaiagiza kwa wafanyabiashara wanaokwenda Karonga, kule Malawi. Memori ni kijibao chembamba tu, kirefu kama kidole, kina meno ya rangi ya dhahabu upande mmoja. Nilisimama nikaangalia. Aliigeuza kompyuta, akafungua skrubu moja, akafunua kifuniko, akatanua vishikizo viwili vya pembeni, memori ya zamani ikanyanyuka yenyewe. Akaingiza mpya kwa kuilaza kidogo, akaibonyeza mpaka ikalia ta! Ile ya zamani akampa Tumpale, naye akaiweka kwenye bahasha ndani ya droo ya meza. Yote hayo nikayashika kichwani bila kukusudia. Au nilikusudia, Mungu ndiye ajuaye.

Wee, kaka! Mashine ikawa nyingine kabisa. Kwaya wakahamia kwake, mchungaji akahamia kwake. Mwalimu Anyosisye, niliyemchapia mitihani tangu nianze kazi, alipita mlangoni kwangu na karatasi zake kwapani, akanipungia mkono, akaingia kwa Tumpale. Na Ezra akawa haishi kuja, eti anapuliza vumbi ndani ya mashine. Vumbi gani, kaka, kwenye mvua za Aprili? Haukupita muda mshenga akaja kwa mama, nawe kama mkubwa wetu tangu baba atutoke ukaletewa habari. Mimi nimemzidi Tumpale miaka tisa, na hakuna mtu aliyewahi kuja kunipulizia vumbi.

Yaliyofuata umeyasikia. Mashine ikarudia uzito wake. Ezra akaifungua, akasema memori iliyomo ni ile ya zamani na bahasha ni tupu, kwa hiyo aliyefanya ni mtu wa nyumbani. Mama alipandwa na hasira. Akasema kijana amekuja kuposa na anawaita wenye nyumba wezi, wakati mwenye bisibisi ndogo kama ile mji mzima ni yeye. Akamfukuza. Nawe ukaandika kwamba mshenga arudi alikotoka, kwa mzee Zebedayo hatuna ukwe. Tangu hapo hakuna anayempelekea Ezra hata redio. Vijana wa stendi wanamwita Memori. Tumpale anakula matonge mawili anasukuma sahani.

Kaka, ni mimi.

Ilikuwa Jumamosi mchana, Tumpale yuko mazoezi ya kwaya. Nilifungua ile skrubu kwa ncha ya kisu cha kumenyea ndizi. Nilitaka iwe nzito tu, wateja wangu warudi. Ezra sikumfikiria hata kidogo. Lakini siku anatukanwa nilikuwa nimesimama pale na sinia la chai, nikanyamaza. Na kuna upande wa moyo wangu ulifurahi. Hilo ndilo linalonitisha.

Memori niliifunga kwenye kimfuko cha plastiki nikaifukia ndani ya debe la mchele la mama, kwa sababu unyevu ukizidi hata betri za redio tunazilaza kwenye mchele. Juzi nimekwenda kuitoa, debe tupu. Mama aliumimina wote kwenye kiroba, na ndio huo mchele mpya aliowatumia kwa basi. Tafadhali, wifi asioshe hata kikombe kimoja kabla ya kuupepeta wote. Mkiipata, irudishe mikononi mwa Ezra mwenyewe, si kwa mama wala kwangu.

Wewe ndiye uliyemrudisha mshenga, kwa hiyo ni wewe tu unayeweza kumwita tena. Mwandikie mzee Zebedayo, mwandikie na mama, na jina langu ulitaje. Usinifichie. Siwezi kukuambia kwamba wivu umekwisha, maana jana nimemsikia Tumpale analia chumba cha pili nami nikaendelea kuchapa. Ila kumwozesha au kutomwozesha mdogo wangu kusiwe kwa ajili ya kisu changu.

Nijibu jambo moja tu, hata kwa mistari miwili. Siku ile unainunua hiyo kompyuta, jina langu lilikupitia kichwani? Kama halikupita, niambie hivyohivyo.

Mama anakusalimu sana. Tumpale naye angekusalimu, ila hajui kama naandika. Ndaga, kaka.

Mimi mdogo wako,
Tusekile