Dumu Lililofukizwa Udi

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Marahaba, salamu zako zimefika. Huku Mabawa sote wazima, ila babu yako amegombana tena na jogoo wa jirani.

Umeuliza utoeje harufu ya mafuta ya taa kwenye dumu. Usifanye kama mimi! Nilipokuwa bi harusi, mama mkwe alikuja kutoka Pangani kunitazama. Nikachukua dumu la mafuta ya taa, nikalisuuza mara moja, nikalifukiza udi kama tunavyofukiza mtungi, nikatia maji ya kunywa. Nikajiona fundi.

Mama mkwe akapiga funda moja. Kisha akamgeukia babu yako: "Mwanangu, kiza kikiingia usitafute koroboi. Nitie kiberiti mimi, nitawaka."

Nikaangua kilio. Yeye akaangua kicheko, akanishika mkono hadi uani. Tukaliloweka dumu kwa maji moto, sabuni na magadi, tukalianika juani bila kifuniko siku mbili. Hata hivyo akasema liwe la maji ya kufulia tu.

Harufu ilitoka. Jina alilonipa siku ile halijatoka mpaka leo, nami sitaki litoke.

Bibi yako,
Koroboi